Kabla ya kuusoma wastani wa shule, tuwahesabu watoto

Desemba 2022 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya darasa la saba, na kilichovuma ni kimoja: ufaulu umeshuka. Ni kweli ulishuka. Mwaka 2021 walifaulu asilimia 81.97 ya watahiniwa wenye matokeo, mwaka 2022 wakafaulu asilimia 79.62. Lakini takwimu zilezile zilikuwa na hesabu nyingine ambayo haikupata mjadala wake. Mwaka 2021 waliofaulu walikuwa 907,802 kati ya watoto 1,107,460. Mwaka 2022 walikuwa 1,073,402 kati ya 1,348,073. Kwa hiyo katika mwaka tuliouita wa kushuka, waliofaulu waliongezeka kwa watoto 165,600.

Walitoka wapi wote hao? Turudi nyuma hadi Januari 2016. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa tangu 2001, ila michango ilibaki: ya mlinzi, ya dawati, ya mitihani ya majaribio, ya ukarabati. Mtoto ambaye kwao hawakuwa nayo alirudishwa nyumbani, au hakupelekwa shule kabisa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa michango ya lazima, na shule zilipofunguliwa wazazi wakafurika. Darasa la kwanza lililozoea kupokea takriban watoto milioni moja na nusu likapokea karibu milioni mbili. Walikuja wa miaka sita na saba, wakaja na wakubwa zaidi waliokuwa wamekaa tu nyumbani. Waliosonga mbele bila kukwama ndio waliofanya mtihani wa 2022. Huwezi kueleza asilimia ya mwaka ule bila kuwataja.

Na haikuwa mara ya kwanza. Ada ilipofutwa 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002, shule zetu zilipanda kutoka wanafunzi milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Mwaka 2006, kabla wimbi hilo halijafika darasa la saba, ufaulu ulikuwa asilimia 70.5: watoto 468,279 kati ya 664,263. Mwaka 2008, walipofika wale walioanza 2002, watahiniwa walikuwa 1,017,967 na ufaulu ukawa asilimia 52.7. Taifa zima lilisikitika, na lilikuwa na sababu, kwa kuwa anguko la namna hiyo haliwezi kuelezwa kwa wingi wa watoto peke yake. Lilianza 2007, mwaka mmoja kabla. Walimu waliandaliwa haraka, madarasa yalijengwa haraka, vitabu havikutosha. Hata hivyo waliofaulu 2008 walikuwa 536,672, yaani elfu 68 na ushei zaidi ya wale wa 2006. Mambo mawili yalitokea kwa pamoja, moja la kuumiza na moja la kufurahisha, nasi tukabaki na lile la kuumiza kwa sababu ndilo lililoandikwa kwa asilimia.

Ninachotaka kusema katika makala hii ni hiki. Wastani wa shule ya msingi ya serikali umebeba mambo mawili yaliyochanganywa: mtoto aliingia na nini, na shule ilimwongezea nini. Tunatangaza jumla, kisha tunaitumia kumhukumu mwalimu, kupanga shule, kuchagua mtoto asome wapi. Jumla hiyo haiwezi kazi hiyo. Na sehemu ya kwanza, ya nani aliingia, imebadilika mno katika miaka hii kuliko sehemu nyingine yoyote ya elimu yetu.

Fungua ukurasa wa matokeo wa shule yoyote kwenye tovuti ya Baraza. Juu kuna jina la shule na namba ya kituo, idadi ya waliofanya mtihani, wastani wa shule kati ya alama 300, jedwali dogo la madaraja A hadi E kwa wasichana na wavulana, na chini yake orodha ya watahiniwa. Kwa miaka mingi paliandikwa pia kundi la shule, yaani zenye watahiniwa 40 au zaidi na zenye chini ya 40, pamoja na nafasi ya shule kiwilaya, kimkoa na kitaifa. Kuweka mstari kwenye 40 kulikuwa kukubali kwamba ukubwa una maana. Lakini mstari huo uliitia shule ya bweni yenye watahiniwa 45 katika kapu moja na shule ya kutwa yenye watahiniwa 400. Baada ya hapo ukurasa haukusema kitu kuhusu watoto wenyewe: wangapi walianza darasa la kwanza pamoja, wangapi walihamia njiani, wangapi walipotea, wangapi walikuja shule bila kukijua Kiswahili.

Sasa chukua shule ya serikali ya pembezoni mwa Dar es Salaam, huko Mbagala, Chanika au Kivule, ambako nyumba huota kila mwezi na shule huwa ya mwisho kujengwa. Tuseme darasa la kwanza lina watoto 300 katika mikondo mitatu, idadi isiyomshangaza mwalimu yeyote wa huko. Kila mkondo ni watoto 100, wakati mwongozo wa Wizara unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake, asipoteze hata nukta moja kunyamazisha darasa wala kuchonga penseli, ana sekunde 18 kwa kila mmoja. Haiwezekani, kwa hiyo anasomesha wote kwa pamoja. Darasa zima linaitika ba, be, bi, bo, bu kwa sauti moja nzuri kabisa. Yule wa dawati la nyuma anaitika pia, kwa wakati uleule, macho yakiwa dirishani. Wimbo ameushika. Mwite ubaoni, mwonyeshe “bu” peke yake bila wenzake, uone. Mtoto huyo anaweza kufika darasa la nne akiwa vilevile, na hapo ndipo upimaji wa kitaifa wa darasa hilo unapomkuta.

Katika shule hiyohiyo watoto hawatulii. Baba ni fundi au anaendesha bodaboda, mama anauza vitafunwa, familia ni wapangaji. Kodi ikipanda au mwenye nyumba akitaka chumba chake, wanahamia upande mwingine wa jiji na mtoto anahama nao, mara nyingine katikati ya muhula na bila barua ya uhamisho. Shule anakohamia inamwandikisha, inamsomesha mwaka mmoja au miwili, kisha matokeo yake yanahesabiwa kuwa ya shule hiyo. Mwalimu mkuu anaulizwa kuhusu watoto ambao darasa la kwanza hadi la nne walisoma kwingine.

Kuna uhamisho mwingine wenye uzito zaidi, ule wa kwenda juu. Familia ikipata nafuu kidogo, mtoto hutolewa shule ya serikali, mara nyingi akiwa bado madarasa ya chini, akapelekwa shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo. Anamtakia mwanawe mema kwa uwezo alio nao. Lakini tuangalie anayeondoka ni nani. Ni mtoto ambaye daftari lake hukaguliwa jioni, anayekunywa chai kabla ya kutoka nyumbani, mwenye kitabu cha ziada na mtu wa kumsomesha. Anaondoka na mama yake pia, na mama huyo ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mkutano wa wazazi kuuliza fedha za ruzuku zimekwenda wapi na kwa nini mwalimu wa Hisabati hajaonekana wiki nzima. Kamati ya shule inabaki bila sauti zake kali. Miaka mitatu baadaye wastani wa shule unashuka, jirani anauona, naye anaanza kutafuta nafasi binafsi. Shule inaweza kushuka hivyo mwaka hadi mwaka hata kama hakuna mwalimu mmoja aliyezembea.

Upande wa pili, shule binafsi nyingi humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea. Baadhi zilikuwa zikikaririsha darasa au kuwaondoa watoto wasiofikia wastani wa shule, hadi Serikali ikatoka hadharani kukemea. Orodha za shule kumi bora kitaifa zilipokuwa zikitolewa, karibu zote zilikuwa za binafsi. Walimu wa shule hizo wanafanya kazi, na sitaki mtu anielewe vingine. Lakini kulinganisha shule iliyochagua watoto na shule iliyopokea kila mtoto aliyefika na kuiita tofauti hiyo “ubora wa ufundishaji” ni kumdanganya mzazi. Hata ndani ya Serikali yenyewe jambo hili lipo: shule za umma za Dar es Salaam zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond, zina watoto wa nyumba tofauti kabisa na wale wa shule ya msingi ya kawaida iliyo kilomita chache kutoka hapo.

Toka Dar es Salaam sasa, uangalie nchi. Sensa ya 2022 iliikuta Kilimanjaro ikiwa na watu 1,861,934, ikiongezeka kwa asilimia 1.3 kwa mwaka. Geita ilikuwa na watu 2,977,608, ikiongezeka kwa asilimia 5.4. Mwaka 2012 Geita ilikuwa na watu 1,739,530. Katika miaka kumi mkoa mmoja umeongeza zaidi ya watu milioni moja na laki mbili, na sehemu kubwa ya watu wa mkoa kama huo ni watoto. Kilimanjaro, mkoa ambao shule za misheni ziliota mizizi mapema na ambao nyumba nyingi zina babu au bibi aliyesoma, ongezeko lake linakaribia kuendana na kasi ya kujenga. Geita halmashauri ikimaliza vyumba vitatu vya madarasa, watoto wa kujaza vyumba sita wameshazaliwa. Ukipanga mikoa hii miwili kwenye jedwali moja la ufaulu bila safu ya ongezeko la watu, sijui msomaji anatarajiwa kujifunza nini.

Nitaje pia lugha, kwa kuwa watu wa mjini hulisahau. Mtoto wa Temeke anaingia darasa la awali akiwa ameshaota ndoto kwa Kiswahili. Mtoto wa kijiji cha Usukumani au wa boma la Kimaasai mara nyingi anakikuta Kiswahili shuleni, na anafundishwa kusoma herufi na lugha kwa wakati mmoja, na mwalimu ambaye huenda hajui neno la nyumbani kwake. Mtihani wa darasa la saba utawapima wote kwa karatasi ileile. Ni sawa iwe karatasi ileile. Ila safari zao hazikuwa na urefu mmoja.

Na wavulana? Waliosajiliwa kufanya mtihani wa 2022 walikuwa wasichana 723,064 na wavulana 661,276. Pengo ni wavulana 61,788 katika rika moja. Watoto wa kike na wa kiume huzaliwa karibu sawa na huandikishwa darasa la kwanza karibu sawa, kwa hiyo pengo hilo limechimbwa katikati ya safari. Anayefuatilia shule za Kanda ya Ziwa, za machimboni na za wafugaji anajua wanakokwenda: mialoni kuvuta nyavu, kwenye mashimo ya dhahabu, nyuma ya ng’ombe, au mjini kuuza vitu barabarani. Nimefurahi kwa wasichana waliobaki darasani. Kizazi kilichopita wengi wao wasingefika. Lakini mvulana aliyeacha akiwa darasa la tano haonekani popote katika matokeo. Hakufeli. Hakufanya mtihani. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba kuondoka kwake kunaweza kuipandisha shule, kwa sababu wanaoacha huwa ni wale waliokuwa wakihangaika na masomo. Mwalimu mkuu aliyezunguka nyumba kwa nyumba akawarudisha watoro kumi darasani ameushusha wastani wake kwa mikono yake mwenyewe, na katika kikao cha tathmini cha halmashauri atakuwa upande wa kuhojiwa. Kipimo kinachomwadhibu mtu kama huyo kina kasoro ya msingi.

Kuna suala la fedha nalo. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo shilingi 4,000 ni za vitabu vinavyonunuliwa kitaifa. Zinazofika shuleni ni 6,000, sawa na shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Fedha hiyo inakwenda kwa idadi ya vichwa, na kwa jicho la kwanza hiyo ni haki. Lakini mtoto aliyetoka nyumba yenye vitabu na mtoto wa kwanza katika ukoo kushika kalamu wanapewa shilingi 500 zilezile, ilhali wa pili anahitaji chaki zaidi, madaftari ya shule, saa za ziada na mara nyingi uji. Chakula ndicho kilichoumia zaidi. Michango ya lazima ilipoondolewa, shule nyingi ziliacha kupika, na pale uji ulipobaki umekuwa wa hiari, maana yake shule yenye wazazi wenye nafuu inapika na shule yenye wazazi maskini haipiki. Saa sita mchana darasani mtoto mwenye njaa unamtambua bila kuuliza: amelaza kichwa juu ya dawati, na mwalimu amemwacha kwa huruma.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha utaratibu wa kutaja shule na wanafunzi bora kitaifa, likieleza kuwa hauna tija na kwamba ulikuwa ukizitangaza shule bure. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Orodha ile iliwalipa walioweza kuchagua watoto. Lakini kuondoa kipimo kibovu bila kuleta kizuri kumeacha pengo, na pengo hilo limejazwa na watu wenye kikokotoo. Matokeo yakitoka jioni, kufikia usiku mtu ameshachukua wastani wa kila shule ya wilaya, amezipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na orodha imezunguka kwenye simu. Ofisi za elimu nazo hufanya hivyo kwa ajili ya vikao vyao. Upangaji haujaisha. Umetoka tu mikononi mwa Baraza.

Kufikia hapa najua kuna msomaji anayesema: basi kila shule mbovu sasa imepata pa kujificha, ni umaskini, ni wingi, ni wazazi. Hofu hiyo ni ya haki na naichukua kwa uzito, kwa sababu imewahi kutokea kwingine. Mwaka 1966 nchini Marekani, James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyotokana na wanafunzi zaidi ya laki sita, wakaonyesha kwamba hali ya nyumbani ilieleza tofauti za ufaulu zaidi kuliko vifaa vya shule. Wapo walioisoma ripoti hiyo na kuhitimisha kwamba shule haina la kufanya.

Afrika Mashariki ilitoa jibu lake. Stephen Heyneman alifanya utafiti katika shule za msingi za Uganda na kuchapisha matokeo yake 1976: uhusiano kati ya hali ya uchumi wa familia na ufaulu wa mtoto katika mtihani ulikuwa dhaifu. Mwaka 1983, akiwa na William Loxley, alilinganisha nchi 29 na wakaona kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na mwalimu ulivyokuwa na uzito zaidi katika kile mtoto anachojifunza. Kwangu mimi hii ni habari njema kuliko zote. Pale ambapo nyumbani hapana kitabu, kitabu cha shule ndicho kila kitu. Pale ambapo mzazi hakusoma, mwalimu ndiye mlango pekee. Nakubali kwamba Uganda ya miaka ile haikuwa na utitiri wa shule binafsi wa leo, na kwamba mtoto wa karani na mtoto wa mkulima walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukaa dawati moja. Kadiri tunavyowatenganisha, ndivyo hali ya nyumbani inavyojipenyeza katika matokeo. Lakini nguvu ya mwalimu haijafa, na ndiyo maana nataka tuipime sawasawa.

Geita yenyewe ni ushahidi. Katika matokeo ya 2016 na 2017, mkoa huo wa machimbo, wavuvi na wahamiaji ulitajwa miongoni mwa mikoa iliyofanya vizuri kitaifa. Watahiniwa hao walikuwa wameanza shule kabla ya wimbi la 2016, ni kweli, ila hawakuwa watoto wa matajiri. Kuna kitu walimu wa huko walifanya. Kwa kuwa hatukuwa tumepima walikoanzia, hatukuweza kukitenga kitu hicho na kukipeleka mkoa mwingine.

Ninachokiona katika shule zetu ni kwamba kipimo kibovu kinapeleka nguvu mahali pasipo. Mwalimu mkuu anayehukumiwa kwa wastani wa darasa la saba huwapanga walimu wake hodari darasa la saba. Huko kuna makambi, masomo ya jioni na Jumamosi, na mitihani ya majaribio kila wiki. Darasa la kwanza lenye watoto 100 anapewa mwalimu aliyebaki. Nasi tumejua kwa muda mrefu mahali shimo lilipo: tathmini ya Uwezo ya 2011, iliyowapima watoto majumbani, ilikuta kuwa watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kambi ya darasa la saba haiwezi kuziba shimo la darasa la pili. Inaweza kumfundisha mtoto kubahatisha herufi sahihi kwenye karatasi ya kuchagua majibu.

Halafu kuna mstari wa kufaulu. Daraja C linaanzia alama 121 kati ya 300. Mtoto aliyekuwa hajui kusoma darasa la nne, akapata mwalimu aliyekaa naye, akamaliza na alama 118, anaandikwa D na anaingia katika asilimia ya walioshindwa. Mwenzake aliyeingia akisoma gazeti akaishia na alama 185 ana daraja B, na shule yake inapongezwa, ingawa huenda haikumwongezea chochote. Nani kati ya walimu hao wawili alifundisha?

Kenya ilipitia haya kabla yetu. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta ada za shule za msingi, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Shule ya msingi ya Olympic, iliyo Kibera jijini Nairobi, ilikuwa imejijengea jina kwa matokeo mazuri ikiwa katikati ya mabanda, na wazazi waliisonga wakitaka nafasi. Madarasa yakafurika. Wazazi waliokuwa na uwezo kidogo wakaanza kuhamisha watoto kwenda shule binafsi, na baada ya miaka michache pengo kati ya umma na binafsi lilikuwa kubwa hadi Wizara ikalazimika kugawa nafasi za shule za sekondari za kitaifa, kuanzia kidato cha kwanza cha 2011, kwa kuzingatia uwiano wa watahiniwa wa umma na wa binafsi. Uamuzi huo ulizua mabishano hadi mahakamani. Ulikuwa wa kugawa nafasi tu, na ulikuja baada ya watoto kutenganishwa. Sisi tunaweza kuanza mapema zaidi, na hatuhitaji mabilioni.

Kila mtoto anayesajiliwa shule ya msingi Tanzania Bara ana namba yake ya PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi. Namba hiyo humfuata akihama. Mtoto huyohuyo anafanya upimaji wa kitaifa darasa la nne na mtihani darasa la saba. Vifaa vyote vya kupima hatua aliyopiga viko mezani tayari. Naomba ukurasa wa shule uandike, kando ya wastani, mambo machache: watoto wa rika hili walioanza darasa la kwanza hapa, waliohamia na waliohama, waliopotea bila taarifa, na wastani wa hatua waliyopiga kutoka darasa la nne hadi la saba wakilinganishwa na watoto nchini walioanzia alama kama zao. Pia uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu katika darasa la kwanza na la pili, kwa sababu mzazi ana haki ya kuujua kuliko anavyohitaji kujua shule ni ya ngapi kimkoa. Takwimu hizi zichapishwe kwa shule, bila jina la mtoto yeyote. Ruzuku nayo iangalie hali ya watoto: shule yenye wengi walioanzia chini ipewe zaidi ya shilingi 500 kwa mwezi.

Mwalimu mzembe hatapona hapo, atafichuka vizuri zaidi. Shule yenye watoto wa nyumba bora isiyowaongezea kitu itaonekana. Na shule ya pembezoni inayowainua watoto kutoka chini kabisa itaonekana kwa mara ya kwanza.

Muda ni mfupi. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza watamaliza pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea rika mbili kwa mkupuo, na asilimia zitayumba tena kama zilivyoyumba 2008 na 2022. Wa kundi la kwanza walifanya upimaji wa darasa la nne 2024, wa kundi la pili 2025. Alama zao za kuanzia ziko Barazani tayari.